Juu ya Kusoma Riwaya za Mvuke na Hadithi za Ajabu

Hadithi za ajabu zina mahakimu wa namna mbili. Hakimu wa kwanza asema kwamba vitabu hivi ni upuuzi mtupu: havina historia wala elimu, na mwanafunzi avisomaye huteketeza mafuta ya taa yake bure. Hakimu wa pili ni rafiki wa vitabu hivyo, naye asema kuwa ni burudani tu, na burudani haiulizwi hesabu. Hukumu hizi mbili zaonekana kupingana, lakini kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, maana zote mbili zamwondolea msomaji kazi ya kupima. Mwenye kudharau hapimi kwa kuwa ameona hakuna cha kupimwa. Mwenye kupenda hapimi kwa kuwa aogopa mizani isimharibie starehe. Iko njia ya tatu, nayo ni kukitia kitabu cha ajabu katika mizani ile ile ipimayo vitabu vingine, na kuuliza: ajabu hii yafanya kazi gani, na gharama yake yalipwa na nani?

Yafaa majina yafafanuliwe kwanza. Hadithi ya ajabu ni ile ambayo ndani yake jambo lisilowezekana katika maumbile lachukuliwa kuwa lawezekana, na watu wake waishi chini ya sheria za jambo hilo. Riwaya ya mvuke, iitwayo stimpanki, ni tawi la mti huo. Yaitwaa karne ya 19 pamoja na makaa yake, shaba yake na magurudumu yake ya meno, kisha yauliza dunia ingalikuwaje kama mitambo ile ingalikwenda mbali kuliko ilivyokwenda. Jina lenyewe lilizaliwa kwa mzaha mwaka 1987, K. W. Jeter alipoliandikia barua gazeti la Locus la Marekani, akitafuta neno moja la kumkusanya yeye pamoja na wenzake Tim Powers na James Blaylock. Mzaha ulipata uzito mwaka 1990, William Gibson na Bruce Sterling walipotoa The Difference Engine. Katika riwaya hiyo mtambo wa hesabu uliobuniwa na Charles Babbage wafaulu kujengwa, na Uingereza yapata kompyuta za mvuke kabla ya kupata taa za umeme.

Katika historia ya kweli, serikali ya Uingereza iliacha kuugharimia mtambo wa Babbage mwaka 1842, ukabaki michoro na vipande. Lakini mwaka 1991 jumba la Science Museum la London lilikamilisha sehemu ya hesabu ya mtambo wake mwingine kwa kufuata michoro yake, nayo ikahesabu sawasawa. Basi ajabu iliyosimuliwa na Gibson na Sterling haikuwa uongo wa kupinga maumbile. Ilikuwa kweli iliyonyimwa fedha. Msomaji ajifunzaye jambo hili ameelewa nusu ya siri ya riwaya za mvuke: hazisemi hasa juu ya yasiyowezekana, bali juu ya yaliyowezekana yakaachwa.

Shutuma ya kwanza juu ya hadithi za ajabu ni kwamba ni uongo. Shutuma hii ni dhaifu mno katika lugha ya Kiswahili, kwa sababu baadhi ya vitabu vyake viheshimiwavyo vimejengwa juu ya mambo ya namna hiyo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni habari ya nchi ielekayo hewani. Msomaji haulizi nchi ile yashikwa na nini hata isianguke. Aulizalo ni kwa nini wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, walizuru pande zote sita kwa manufaa ya nchi yao, na nchi yao ikawalipa mateso. Na kwa nini Karama, aliyetaka kufundisha sheria, alishtakiwa na Waziri Majivuno kama adui wa watu. Kitabu kilitoka wakati Tanganyika ikitawaliwa na wageni. Hewa iliyoichukua Kusadikika ndiyo iliyompa mwandishi nafasi ya kusema juu ya utawala na haki maneno ambayo ardhini yangalikuwa mazito kusemwa.

Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, chasema kwa njia hiyo hiyo. Ndugu wawili wenye husuda wageuzwa manyani, na Adili aamriwa na jini Huria kuwapiga kila usiku. Apiga, kisha alia. Alia, kisha awalisha. Hakuna hadithi ya mambo ya kawaida iwezayo kuonyesha kwa wepesi namna hiyo kwamba adhabu isiyo na mwisho humtesa hata mwenye haki mkononi mwake. Unyani wa ndugu wale si pambo; ndio hoja yenyewe. Uondolewe, na kitabu kitabaki mawaidha.

Utetezi kama huu ulitolewa Ulaya pia. Mwaka 1939 J. R. R. Tolkien alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, akawajibu wasemao kuwa hadithi za ajabu ni kuikimbia dunia. Hoja yake ni kwamba mfungwa afikiriaye kwao asichanganywe na askari aliyetoroka vita: wa kwanza atumia haki yake, wa pili avunja ahadi. Ni hoja njema, na wapenzi wa hadithi hizi huitumia kama ngao. Lakini hoja hiyo yatetea mlango. Haimtetei kila apitaye mlangoni. Mlinzi wa gereza naye huota ndoto, na ndoto yake si ya kutoka. Ni ndoto ya gereza lisilo na makelele. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba kitabu chaota. Yapasa kujua ni ndoto ya nani.

Hapo yaingia shutuma ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Riwaya za mvuke zaipenda karne ya 19: mavazi yake, saa zake za mfukoni, merikebu zake za angani. Karne hiyo hiyo ndiyo iliyogawanya Afrika. Je, yawezekana kupenda moshi bila kumpenda aliyewasha moto?

Jules Verne hakuandika stimpanki, kwa kuwa karne ya 19 kwake ilikuwa leo. Lakini waandishi wa stimpanki humhesabu kuwa babu yao, pamoja na H. G. Wells. Kitabu kilichomfungulia umaarufu, Cinq semaines en ballon, yaani Majuma Matano katika Puto, kilichapishwa Paris mwaka 1863, na safari yake yaanzia Unguja. Dakta Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy aliye mwindaji, na mtumishi wao Joe walivuka bara zima kwa puto hadi Senegali. Ufundi wa kitabu wastahili sifa. Kwa desturi, mwenye puto akitaka kushuka hupoteza gesi, na akitaka kupanda hupoteza mizigo ya kutupa. Kwa hiyo hawezi kwenda mbali. Fergusson aliipasha moto haidrojeni yake na kuiacha ipoe, akapanda na kushuka bila kupoteza kimojawapo. Msomaji aelewa, aridhika, na kwa kuridhika huko yu tayari kuamini yote yafuatayo. Mtego umo katika utayari huo.

Yafuatayo si ufundi. Watu wa Unguja walichukia puto wakidhani ni adui wa jua na mwezi, hata ikabidi lirushwe kutoka kisiwa cha jirani. Kule Kazeh, penye Tabora ya leo, watu wa Unyamwezi walidhani kuwa puto ni mwezi ulioshuka na kwamba wasafiri ni wana wake. Wakamtaka Fergusson amponye sultani wao. Kisha mwezi wa kweli ulichomoza, na wageni wakakimbia. Mahali pengine puto lilizingirwa na nyani, na wasafiri, waliodhani kwa mbali kuwa ni wenyeji, wakafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Verne hakupata kuiona Unguja wala Unyamwezi. Alisoma taarifa za wasafiri kama Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857. Kazeh ile ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu, chenye wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili na wapagazi waliozoea kwenda pwani na kurudi. Watu waliohesabu siku za safari kwa kuutazama mwezi wafanywa kitabuni kuwa watu wasioujua mwezi.

Angalia namna jambo hili lilivyotendeka. Hesabu ya gesi ni sahihi. Hesabu ya watu ni ya uongo. Na usahihi wa ile ya kwanza ndio uliofanywa mdhamini wa ya pili. Mtu asemaye kwamba kitabu kama hiki ni burudani tu atajibu nini hapa? Na mtu asemaye kwamba kitupwe ataponya nini? Aliyekitupa bila kukisoma hajui alichokitupa, naye aweza kudanganywa kwa hila hiyo hiyo kesho, katika kitabu chenye jalada jipya. Kisomwe, na kila penye mtambo uliotengenezwa kwa uangalifu msomaji atazame kama watu wametengenezwa kwa uangalifu huo huo.

Mvuke haukufika Afrika ya Mashariki kama hadithi. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, mwaka 1883, na jina lake laonyesha kuwa watu waliutazama ufundi mpya kwa macho ya mastaajabu, si kwa hofu ya wajinga. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji wa Unguja kwa mizinga. Kwa muda usiotimia saa moja, watu kama 500 wa upande wa Sultani Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow ilizamishwa bandarini. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 hadi 1901, iliajiri watu 31,983 kutoka Bara Hindi; kwa hesabu ya serikali, 2,498 kati yao walikufa. Takwimu hizi ndizo makaa ya karne ile. Riwaya ya mvuke isiyo na habari ya makaa yake ni kama mpishi asifiye chakula na kukana jiko.

Kwa bahati njema shutuma hii imejibiwa na waandishi wa riwaya hizo wenyewe, na jibu la riwaya lina nguvu kuliko jibu la mhakiki. Mwaka 2016 Nisi Shawl, Mwamerika mweusi, alitoa Everfair. Mwandishi huyu amepata kueleza kwamba alichukizwa na jinsi stimpanki ilivyouzoea ukoloni, naye akachagua mahali pagumu kuliko pote: Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu mwaka 1885 hadi 1908, ambako watu walitozwa mpira kwa nguvu na wengi wakakatwa mikono. Katika riwaya, wajamaa wa Kiingereza na wamisionari weusi kutoka Marekani wamnunulia Leopold sehemu ya nchi, waanzisha makazi yao, kisha wapigana naye pamoja na mfalme wa wenyeji, Mwenda, na malkia wake Josina.

Mambo mawili katika riwaya hii yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni mkono. Fwendi, msichana aliyekatwa mkono, apata mkono wa shaba wenye ufundi ndani yake. Katika riwaya nyingi za mvuke shaba huvaliwa kama kipuli, kwa urembo. Hapa kila kinapotajwa chuma kinachong'aa, msomaji hukumbuka nyama iliyokuwapo kabla yake. Mtambo haukuficha jeraha. Umekuwa alama yake. La pili ni chanzo cha nguvu. Mashua za angani za Everfair haziendeshwi kwa makaa ya Ulaya, bali kwa joto la udongo wa siri unaotunzwa na makuhani wa Bah-Sangah. Wageni wana michoro, wenyeji wana moto. Basi hakuna awezaye kuruka bila ya mwenzake. Msomaji ajuaye kwamba urani ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa wingi katika machimbo ya Shinkolobwe, Katanga, ataona kuwa jambo hili halikubuniwa kwa mchezo.

Ukosefu nao upo. Riwaya ina wasimulizi wengi, na kila sura yaruka miezi au miaka. Mara nyingi mtu aliyeanza kufahamika huachwa kabla moyo wake haujafunguka. Vita vyapita kwa haraka, na mapenzi ya watu wachache yapewa nafasi kubwa. Hata hivyo kosa ambalo kitabu hiki kingaliweza kufanya kwa urahisi hakikulifanya: hakikuwafanya wageni wema kuwa wakombozi wasio na doa. Walinunua nchi kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuiuza. Mwenda ajua hivyo tangu mwanzo, na baada ya adui wa wote kushindwa, swali la nani mwenye nchi larudi likiwa na meno. Wema wa mnunuzi haufuti dhambi ya muuzaji: hilo ndilo somo la Everfair, na ni somo ambalo historia ya kawaida ya Kongo haikupata nafasi ya kulionyesha, kwa kuwa wanunuzi wa namna hiyo hawakuwako.

Riwaya ya pili ya kupimwa ni A Master of Djinn ya P. Djèlí Clark, iliyochapishwa mwaka 2021 na kupata tuzo ya Nebula. Mahali ni Kairo, mwaka ni 1912. Katika historia, Uingereza iliikalia Misri kwa majeshi mwaka 1882. Katika riwaya, mtu aitwaye al-Jahiz ameufungua mlango baina ya ulimwengu wa watu na ulimwengu wa majini. Majini wameingia, wamejenga pamoja na watu, na Misri, iliyowatoa Waingereza, imekuwa dola inayoshindana na zile za Ulaya. Fatma, mpelelezi wa wizara ya mambo ya siri, amtafuta mtu wa kutisha anayejidai kuwa ni al-Jahiz aliyerudi.

Kwa msomaji wa pwani hapa pana ladha ya pekee. Jini kwake si mgeni wa kuelezwa kwa tanbihi. Amemsikia kwa bibi yake, na amemkuta kwa Shaaban Robert. Lakini kulinganisha kwafundisha zaidi kuliko kufurahi. Huria wa Adili na Nduguze ni jini wa hukumu: aja pale sheria ya moyo ilipovunjwa, na uwezo wake wapimwa kwa haki. Majini wa Clark ni raia: hufanya kazi, hubishana, hukosea, na uwezo wao ni utajiri wa taifa. Hapo lazuka swali gumu. Taifa lililokombolewa kwa uwezo wa kuazima limekombolewa kweli, au limebadili mdhamini? Kitabu hakilikimbii swali hilo. Anayejidai kuwa al-Jahiz apata wafuasi kwa sababu mji wa maajabu bado una mitaa ya maskini, na watu weusi wa kusini bado watazamwa chini. Mnara umepanda, kilio kimebaki pale pale. Clark angaliweza kukaa zaidi katika kilio hicho. Mara nyingi mbio za upelelezi zamvuta aende mbele kabla jeraha halijatazamwa vya kutosha. Hata hivyo amelitaja, na ajabu yake haikutumika kama zulia la kufunikia taka.

Kwa vitabu hivi, mizani iliyotajwa mwanzo yaweza sasa kuelezwa kwa ukamilifu. Msomaji wa riwaya ya mvuke au hadithi ya ajabu anayo maswali matatu. Kwanza, je, ajabu yafuata sheria yake yenyewe, au mwandishi aibadili kila anapobanwa? Hapa Verne ashinda wengi. Pili, ni nani alipaye gharama ya ajabu, na je, mlipaji aonekana? Hapa Verne aanguka, na Shawl asimama. Tatu, kitabu kikisha fungwa, msomaji arudi na nini katika dunia yake? Hapa Kusadikika, kitabu kidogo kisicho na mtambo hata mmoja, chaweza kuvitangulia vingi vyenye moshi na shaba, kwa kuwa nchi ile ya hewani humrudisha msomaji ardhini akiwa na macho makali.

Mizani hii yamfaa mwandishi pia. Yuko mtu awezaye kudhani kwamba mvuke ni mali ya London na kwamba Mswahili atakayeuandikia ataazima kanzu ya mwenzake. Basi na akitazame Ziwa Tanganyika. Merikebu ya Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa upya, ikaelea mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, nao waliipaka mafuta mitambo yake kwa tumaini la kurudi. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, nayo ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikaendeshwa kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipotiwa mashine za dizeli. Meli iliyovuka bara kwa masanduku, ikafa majini na kufufuka kwa jina la wenyeji! Kama ingalibuniwa na mwandishi, hakimu wa kwanza angaliiita upuuzi.

Masanduku yale yalibebwa na mabega yenye majina, na majina hayo hayakuandikwa katika vitabu vya meli. Historia ikinyamaza hapo, hadithi yaweza kusema, si kwa kuigiza ushahidi, bali kwa kuwarudishia wapagazi nafasi ya kuwa watu katika safari ambayo walikuwa nguvu yake. Hiyo ni kazi ya haki, na mwanafunzi aisomaye hadithi ya namna hiyo kwa mizani mkononi hateketezi mafuta ya taa yake bure. Moshi huonekana kwa mbali, nao huwavuta watu wote; msomaji mwema ni yule aukaribiaye mpaka amwone aliyekaa jikoni akichochea.